Mchana Tuliolala kwa Amri ya Daktari

Mume wangu alikuwa dereva wa malori yanayovuka mpaka kwenda Zambia, na mwaka ule wa matibabu nilimwita nyumbani kama mtu anayeitwa kazini. Daktari wetu wa Mbeya alinipa vidonge vya kupevusha mayai, akatutajia siku za kukutana bila kuinua macho, kama anayetangaza safari za mabasi. Hakuuliza kama bado tunatamaniana.

Mojawapo ya siku hizo ilimkuta mume wangu kwenye foleni ya forodha, Tunduma. Nikampigia simu. Akamwachia utingo lori, akapanda bodaboda hadi kwetu Chapwa, jua la saa saba likiwaka. Mama mkwe, aliyekuwa ametoka Ileje kuja kutusaidia, alikuwa uani akichambua maharage. Akampa mwanawe uji wa ulezi na karanga mbichi, akamsimamia mpaka akamaliza.

"Haya, nendeni ndani," akasema. "Mgeni akija nitamzuia."

Nilitamani kuupindua ule ungo wa maharage.

Chumbani mume wangu alivua viatu, akakaa kitandani akitazama ukuta. Huyu ndiye mwanamume ambaye zamani akirudi safari hata chakula kilipoa tukiwa bado tumejifungia, tunacheka. Nilipomgusa bega alishtuka. Tulijaribu. Mwili wangu ulikuwa mkavu, unauma. Wake ukakataa kabisa. Nje ya dirisha mama yake akakohoa.

"Mmenigeuza dume la mbegu," akasema taratibu. Kisha akajifunika uso kwa shati lake, akalia.

Nilivaa kanga, nikatoka. Mama mkwe akaniuliza kabla sijafunga mlango, "Vipi, imekuwa?"

"Mama, naomba ufungashe. Kesho urudi nyumbani."

"Unanifukuza kwa mwanangu? Wewe usiyezaa?"

Mume wangu akatokea nyuma yangu, macho mekundu. "Mama, leo nimeshindwa mimi, siyo yeye. Fungasha, nitakupeleka stendi mwenyewe."

Alimpeleka kweli, asubuhi.

Nilipokwenda tena Mbeya nilimweleza daktari yote, hata maumivu, hata machozi ya mume wangu. Akasema, "Hayo mkayazungumze nyumbani," huku akiniandikia vidonge vingine.

"Nyumbani ndiko yalikoharibikia, daktari. Na ni wewe uliyetutuma."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaita mgonjwa mwingine. Vile vidonge sikwenda kuvichukua. Nilipanda gari la Tunduma, nikarudi nyumbani.

Tulikubaliana kuacha matibabu. Kwa muda mrefu mume wangu aliogopa kunishika, nami niliogopa kushikwa. Tulianza upya kwa kulala tumekumbatiana tu, hakuna anayemdai mwenzake kitu. Raha ilirudi Jumapili moja ya mvua, wala hatukuwa tumeipangia. Mtoto hakuja.

Watu huniambia yule daktari alifanya kazi yake. Alitibu mayai yangu, akatuacha sisi wawili tukioza, na mpaka leo sijamsamehe.

Mama mkwe alikuja kutusalimia baadaye. Tukiwa mezani akaanza, "Wenzenu wote wamewaletea mama zao wajukuu..."

Mume wangu akamsogezea bakuli la mboga. "Kula, mama," akasema, na macho yake hayakuwa na mzaha.

Akala.