Msonobari wa Puge

Heri niseme mwenyewe kabla shemeji zangu hawajawafikia. Kazi yangu ni kusoma jenomu za misonobari, yaani maelezo yote ya urithi wake. Baba mkwe hakuamini kama hiyo ni kazi, kwa hiyo tulipofika Puge nikamwonyesha msonobari mrefu, wa kijani kibichi katikati ya kiangazi.

“Baba, jenomu ya huu inaizidi yetu mara kadhaa! Ila inarudiarudia mambo yale yale.”

“Kama wewe,” akasema mama mkwe.

Nikaokota jani lililoanguka, nikafumba macho, nikalinusa kitaalamu. “Utomvu safi kabisa.”

“Mkwe,” baba mkwe akasema kwa upole, “hiyo ni plastiki. Huo ni mnara wa simu.”

“Mwache ausome,” mama mkwe akadakia. “Huenda akatuambia kwa nini mtandao unakatika.”