Kitovu Chini ya Mndimu

Nikiponda jani la mndimu vidoleni siku hizi, sihisi kitu. Nnainusa tu harufu yake hapa kibarazani kwangu, mtaa wa Khuwair, huku Omani.

Nyumba yetu ya utotoni, mtaa wa Ansab, ilikuwa na chumba cha uani. Walikipanga Solanji na mumewe, Wabamileke kutoka Kameruni. Solanji alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na Kiswahili alifunzwa na bibi yangu, Kiswahili cha Unguja pamoja na maringo yake. Ole wako umwite mtu wa Bafoussam, mji mkubwa wa kwao. Mji ule, alisema, umechukua jina la chifu mmoja tu na watu wake, na yeye si wao. Kwao mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Bibi akafurahi: kumbe nyie kama sie! Baba, akiulizwa na Waomani wenzake balad yake, yaani kwao kwa asili, ni wapi, alitaja kijiji cha milimani cha mababu zake, ambako hajapata kulala.

Solanji akajifungua mtoto wa kiume. Kitovu kilidondoka Bibi akimkosha mtoto, mama mtu kalala. Bibi akakizonga pamba, akakizika chini ya mndimu wetu, miye nikimshikia birika. Kwake ile ilikuwa hishima. Mtoto kapewa kwao.

Solanji alipoamka alikuja na kikopo cha chumvi alichokiweka tayari kukihifadhia kitovu. Kilikuwa cha kupelekwa kwa babu wa mtoto, Kameruni, kizikwe chini ya mgomba wa ukoo. Tukakimbilia mndimuni. Shimo lilikuwa wazi, limefukuliwa. Paka wa mtaani.

Solanji alikaa chini, kikopo mapajani.

"Bibi, mwanangu akenda kwao atasimama wapi?"

Bibi yangu, mwanamke asiyekosa jibu, alichukua birika akaingia ndani. Siku ile hakula. Walipohama, Solanji alichota udongo wa shimo lile akautia kikoponi. Miye nikaona upuuzi, kikamba kikavu kama kile kuhuzunikiwa hivyo.

Bibi alikufa huku huku. Kitovu chake kiko Unguja, chini ya mnazi katika shamba walilolikimbia yeye na watu wake wakati wa mapinduzi; sasa wanakaa wengine. Nilidhani siku ile aliingia ndani kwa haya. Kumbe Solanji alimuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake.

Juzi mwanangu kaniuliza sisi wa wapi. Nikamtajia kile kijiji cha Baba cha milimani.