Moshi wa Kibuyu cha Bibi Paskalina

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, maana harufu ninayotaka kukueleza haifiki mbali. Ni harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa. Kama hukukulia kwetu, nitakueleza taratibu. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni, kwa sababu sabuni huacha ladha yake ndani. Unachukua kijinga cha mzeituni pori kinachowaka nchani, unakiingiza ndani ya kibuyu, unaziba mdomo na kutikisa mpaka makaa yavunjike na kuacha weusi wao kila mahali. Halafu unasugua kwa ufito uliofungwa singa za mkia wa ng'ombe, unakung'uta majivu, ndipo unamimina maziwa. Maziwa hayo hayaharibiki upesi, yanaganda vizuri, na ukiyanywa moshi wake mtamu unakupanda puani. Nikiisikia harufu hiyo leo, hata nikiwa katikati ya soko la Babati, narudi mara moja kwenye jiko la Bibi Paskalina kule Nakwa, masika ile niliyokaa kwake.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani tu, shamba lake la mahindi likipakana na letu. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu kwa shida, akalazwa hospitali, na baba akawa anashinda huko. Mimi, mtoto wa darasa la pili, nikapelekwa kwa Bibi Paskalina, nguo zangu zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilifika nalia. Aliinama mlangoni mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema, "Mgeni wangu, umefika? Ingia, maziwa yamechoka kukungoja." Ndivyo alivyomwita kila mtoto, mgeni wangu, hata yule aliyemwona asubuhi hiyo hiyo. Mvua haikukatika, kuni zilikuwa mbichi, na jiko lake la udongo halikuwa na dirisha. Nilijifunza kukaa chini kabisa, karibu na sakafu, ambako moshi ulikuwa mwepesi. Yeye hakuwa na nafasi ya kukaa. Alipuliza moto, akageuza ugali, akafukiza vibuyu, na macho yake yakawa mekundu tangu alfajiri mpaka tunapolala. Machozi yalipomtoka aliyafuta kwa pembe ya kanga huku akiendelea kunisimulia vituko vya ng'ombe wake, mmoja mmoja, kama mtu anayesema habari za shemeji zake.

Mimi nami nikaanza kwenda shule na macho mekundu. Wenzangu walinizunguka mstarini. "Umelia usiku kucha wewe!" mmoja akasema, na mwingine akadakia, "Hajalia huyo, kapiga pombe ya bibi yake!" Wakacheka mpaka mwalimu akageuka. Jioni nilimweleza Bibi Paskalina, nikitegemea atakwenda kuwagombeza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Waambie macho haya ni ya watu wanaokunywa maziwa," akasema. "Na anayetaka na aje." Wakaja kweli. Kabla mama hajaruhusiwa kutoka hospitali, jiko lile lilikuwa linajaa watoto kila jioni, wote tunakohoa, wote tuna masharubu meupe ya maziwa, na hakuna aliyebaki na haki ya kumcheka mwenzake macho.

Miaka ilipita, mume wa Bibi Paskalina akafariki, naye akauza ng'ombe na kwenda kuishi na ndugu zake mkoa mwingine. Siku ya kuondoka alimwachia mama kibuyu chake kimoja. Hatukumwona tena.

Juzi hapa nilikuwa nyumbani kwangu Maisaka nachambua maharage, binti yangu Neema akinisaidia, redio ikisema yake. Taarifa ikawa ya mwanamke mzee aliyeuawa na watu waliovamia nyumba yake usiku. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa, na watu wakasema aliyemloga ni yule bibi mwenye macho mekundu. Jina lilisomwa kamili, Paskalina na la ukoo, nami sikumtambua, kwa sababu akina Paskalina ni wengi na ukoo wake sikuwahi kuujua. Kisha wakaweka sauti ya mama mmoja wa kijiji hicho, analia. "Alikuwa hana neno na mtu," akasema. "Watoto wetu wote alikuwa akiwaita mgeni wangu." Maharage yalinimwagika mapajani. Nilimpigia mama yangu simu, nikamtajia lile jina la ukoo. Akasema, "Ndiye, mwanangu. Ndiye yeye."

Nilidhani msiba umeishia hapo. Jumamosi tukaenda Nakwa kwa mama, ambaye bado anapikia kuni kwa kuwa anasema ugali wa gesi hauna roho. Alitoka jikoni anatufungulia mikono. Siku zote Neema humkimbilia. Safari hii alimwamkia kwa mbali, "Shikamoo bibi," akajibana nyuma yangu na kuninong'oneza, "Mama, na yeye macho yake ni mekundu." Hakunong'ona vizuri. Mama alisikia. Aliitikia marahaba, akayafuta macho kwa kanga, akarudi jikoni. Hapo niliona mapenzi ya mwanangu kwa bibi yake yakitaka kuchukuliwa mbele yangu, na nikajua hayatarudi yakishaondoka.

Nilimshika Neema mkono, nikaingia naye jikoni, nikakaa sakafuni kama zamani, nikamsimulia masika ile yote niliyokusimulia wewe. Mama alisikiliza. Kisha akanyoosha mkono darini, akashusha kibuyu cha Bibi Paskalina, akachomoa kijinga na kuanza kukifukiza. Moshi ukajaa. "Mama, yananiwasha!" Neema akalalamika, akakohoa, akatoka mbio kujitazama kwenye kioo cha dirisha la sebuleni. Halafu tukamsikia anapiga kelele, "Bibi! Bibi, na mimi ni mekundu! Njoo uone!" Akarudi akikimbia, akaenda moja kwa moja kwenye kanga ya bibi yake akapangusia uso wake humo. Mama akamshika kichwa. Akasema, "Karibu, mgeni wangu."

Utotoni kwangu macho mekundu yalikuwa mzaha wa mstarini, na dawa yake ilikuwa kikombe cha maziwa. Leo mwanangu ameyasikia redioni yakiwa sababu ya mtu kufa. Moshi ni ule ule, na akina mama wanaoinama juu yake ni wale wale. Sisi ndio tulioacha kuingia jikoni kwao, tukabaki kuwatazama tokea barabarani. Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Wiki hii mtafute mama mzee wa karibu nawe anayepikia kuni. Piga hodi, mwamkie, ingia, ukae naye mpaka macho yako yawashe. Ukitoka usiyaoshe haraka. Pita nayo hivyo hivyo mbele za watu, na wakikuuliza, watajie jina la uliyekuwa kwake.