Taa ya Namba Tisa

Iko Jumanne moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia ingawa hainipambi. Nilikuwa tayari na mvi, lakini katika kazi ile nilikuwa na mwaka mmoja tu, kwa hiyo usicheke nikiita wakati ule ujana wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza meza za zamani za kuongozea taa za jukwaani. Ni sanduku pana la bati lenye safu za vitufe vya kusukuma juu na chini. Mwenye kuiendesha huketi nyuma ya ukumbi na kuamua nani aangazwe na nani abaki gizani. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Bonifasi, Mrundi aliyejifunzia ufundi kwenye redio mbovu za kambi ya wakimbizi Kigoma, na sasa alikuwa na karakana ndogo huku ughaibuni, mtaa wa Auburn, nyuma ya duka la matairi. Alikuwa mpole, ila mdomo wake ulikuwa na pilipili. Akiangalia nilivyolehemu, aliniuliza kama natengeneza mtambo au napaka mkate siagi.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni betri. Ndani ya meza hizo kuna betri ndogo inayotunza mipangilio ya taa umeme ukizimwa. Ikizeeka huvuja, na maji yake hula mistari ya shaba kwenye ubao wa saketi polepole, wewe ukiwa huoni kitu kwa nje. Ukifunua ukakuta ukoko wa kijani na mweupe, unaikata betri siku hiyohiyo na kusafisha kwa siki na mswaki. Hakuna kusema kesho.

Sasa, meza ya ukumbi wa kanisa letu, mtaa wa Bankstown, ilikuwa ya mke wangu, Veronika. Hakuinunua, lakini hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Siku za kazi alihudumia wazee kwenye makao yao. Jumamosi aliketi nyuma ya ile meza, viatu amevua, akipanga taa za kwaya. Alifia hospitali ya Westmead kwa ugonjwa wa moyo, mwezi uleule korona ilipoanza kufunga milango. Tulimzika watu wachache, tumesimama mbalimbali kama tuliogombana.

Ukumbi ukafungwa. Nikaleta meza karakana ikaguliwe kama nyingine zote, maana zikikaa bila umeme ndipo betri huharibika. Jumanne hiyo nikafungua mfuniko, na ukoko ulikuwepo, mdogo, kama kucha ya kidole gumba.

Nilijua la kufanya. Lakini ndani ya meza ile mlikuwa na mipangilio ishirini na miwili ya igizo la Krismasi, ambayo Veronika aliipanga kwa mkono wake. Nikikata betri, yote inafutika. Nikarudisha mfuniko. Mzee Bonifasi alikuwa kwenye meza yake ya kazi, barakoa iko kidevuni, akauliza betri ya ukumbi wenu ikoje.

“Salama,” nikasema.

Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, mwanangu, sitakudanganya. Huo ndio ninaoukumbuka mpaka mahali niliposimama.

Tukafunguliwa, tukafungwa tena, safari hii kwa ukali zaidi upande wetu wa mji. Meza ilikaa kwenye rafu, imefunikwa shuka. Nilikuwa naipangusa vumbi kila nikifika. Kuifungua, hapana. Nilijiambia kwamba naitunza.

Makanisa yaliporuhusiwa, kwaya ikataka meza yake kabla ya Krismasi. Tukaiwasha. Haikuwaka hata kidogo. Mzee akaifungua mwenyewe, akapitisha kidole juu ya ubao mstari kwa mstari, mpaka nikatamani anitukane. Robo nzima ya ubao ilikuwa imeliwa, na betri yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Nilichokuwa nalinda hakikuwepo tena, na sijui kilipotea mwezi gani.

“Uliiona?”

“Niliiona, Mzee.”

Nikamweleza lini, na kwa nini. Akavua miwani. Yeye mwenyewe aliacha makaburi mawili kambini, ingawa hakuwa mtu wa kuyataja.

“Wewe bwana,” akasema. “Ungeniambia siku ile tungeiwasha, mmoja asome, mwingine aandike. Daftari moja, asubuhi moja. Ndipo tungekata betri. Ulidhani mimi ningekunyang'anya mkeo?”

Akavaa miwani, akanisogezea siki.

Ilituchukua wiki tatu. Nilisugua, nikakwangua, nikaunganisha shaba iliyokatika kwa nyaya nyembamba kama unywele, yeye akinishikia taa na kunikumbusha habari za siagi. Meza ikawaka. Ilikuwa nzima, na tupu.

Nikasimama mbele ya kwaya nikawaambia ukweli wote. Mama Neema, kiongozi wao, hakunilaumu. Alipanda jukwaani, akasimama mahali pake, akafikiri.

“Hapa nilikuwa sioni kitabu,” akasema. “Nikamlalamikia Veronika. Akaniambia, dada, wimbo wa miaka kumi bado unausoma?”

Watu wakacheka, kisha wakaanza kukumbuka. Mmoja alisema malaika walikuwa na njano, mwingine akabisha kwamba ilikuwa njano iliyochanganyika na nyekundu, kwa sababu kanga yake ilibadilika rangi. Mzee Bonifasi akasukuma vitufe, mimi nikaandika. Mpaka jioni tulikuwa na mipangilio ishirini na mmoja.

Namba tisa hatukuipata. Ilikuwa ya wakati wa maombi. Sote tulikuwa tumefumba macho, na mimi pia. Veronika peke yake ndiye aliyeiona.

Hatukubuni. Tuliiacha wazi, na mahali hapo taa huzimika zote. Kila Krismasi wenzangu huomba gizani, na mimi hukaa macho wazi, nikitazama jukwaa lisiloonekana.

Mwanangu, ukiona uvujaji, uwe wa betri au wa nyumba yako au wa moyo wako, usifunike kwa sababu unapenda kilichomo ndani. Mwite mtu aliyekuzidi uzoefu, umwambie pamevuja, umwambie na sababu ya hofu yako. Na chochote cha mpendwa wako unachoogopa kupoteza, kiandike leo, kingali kinawaka. Maana nilichopoteza mimi kiliponyoka kwa neno moja, salama, na palikuwa na mtu hatua tatu kutoka kwangu ambaye angenisaidia.

Mungu akupe mikono mitulivu na watu wa kukuambia kweli. Akuweke uwaone wapendwa wako macho yako yakiwa wazi.