Fiche ya Kambale Lusenge

Mu Butembo nzima, kama ungeuliza nani anajua ordinateur, ile mashini ya kompyuta, kushinda bengine, Zorobabel angejibu mbele haujamaliza kuuliza. Masomo aliacha mu deuxième secondaire. Yeye alikuwaka anasema ni masomo njo ilimuacha, juu ilichoka kumukimbiza. Alitengenezaka batelefone pembeni ya barabara, akajifunza kuandika programme yeye mwenyewe mu bavideo, na mudomo yake ilitosha kulisha kartier nzima.

Mwaka ile vita iliwaka upande wa Beni, batu mingi balifika Butembo na magodoro ku kichwa. Bengi balipoteana mu njia. Kanisa ikaandikisha kila mutu: jina, kazi, fasi analala, nani anatafuta. Keren, secrétaire wa kanisa, alikuwa na fiche, karatasi moja kwa kila mutu, elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Zingine aliandika na mukono yake, zingine zilitumwa na kanisa ya Beni.

"Lete yote hapa!" Zorobabel akasema. "Nitaunga application na base de données, kabati ya majina mu ordinateur, bila kuandika hata neno moja ya SQL, luga yake."

"Utaunga na nini? Na mate?" Keren akauliza.

"Na ORM, mama. Ni mukalimani. Mimi ninamwambia: huyu ni mutu, jina yake ni hii, analala pale. Base yeye hajue mutu, anajua tu tableau na mistari. Donc mukalimani anageuza maneno yangu, anaandika mustari. Ninabonyeza enregistrer, anahifadhi, ninakunywa chai."

"Na kila mutu, base itamutambua na nini?"

"Na jina!"

Keren akaweka bic ya kuandika chini. "Zoro, weye ni Munande kweli? Kwetu kila kijana wa pili ku tumbo ya mama anaitwa Kambale. Weka numéro."

"Numéro ni ya ngombe!" Akacheka mpaka akakohoa.

Jina njo akafanya clé, ile alama base inatambulia mutu. Siku tisa akaingiza fiche zote, akamwambia Keren achome zile karatasi. Mashini haikulalamika hata mara moja, na ile kimya Zorobabel akaihesabu kama sifa yake.

Siku ya kumi, asubuhi mapema, Rébecca akafika. Bwana yake, Kambale Lusenge, maçon, mujengaji wa nyumba, alimupotea siku ya masasi ya bunduki. Zorobabel akaandika ile jina.

"Musienene! Analala kwa Papa Mathe, mulimaji wa viazi. Secondes mbili, mama! Hata polisi hawezi."

Rébecca akashika njia ya Musienene na miguu, saa ile ile.

Kesho yake akarudi na kikapo ya viazi.

"Wabukire, Mama Rébecca! Bwana iko wapi?"

"Papa Zoro, ulinituma kwa muzee wa miaka makumi munane. Hana hata jino. Jina ni ile ile. Alinihurumia, akanipatia viazi." Akaweka kikapo ku meza. "Bwana yangu ni maçon. Ulimuweka wapi?"

Zorobabel akarudi ku ordinateur. Akauliza base iko na batu ngapi. Elfu moja mia moja makumi sita na tisa.

Fiche alizoingiza zilikuwa elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Kila mara aliingiza Kambale Lusenge mwengine, ao jina ingine yenye iliisha kuingia, mukalimani alikuta clé iko tayari. Alifikiri Zorobabel anasahihisha ule wa mbele, akaandika juu yake. Batu mia moja makumi ine na tatu walifutika, yeye akiwa anakunywa chai.

"Keren, fiche... Nilikuambia uchome."

"Uliniambia. Mais mimi ninakujua."

Akavuta gunia nyuma ya kabati. Batatu bote bakapiga magoti ku sakafu ya sima, bakapekua. Kambale Lusenge muzee wa Musienene. Kambale Lusenge mwalimu wa Luofu. Kiisha, karibu na chini: Kambale Lusenge, maçon, analala Beni, commune ya Beu, kwa Mama Marie-Jeanne. *Anatafuta bibi yake Rébecca. Anangoja hapa.* Numéro ya telefone ilikuwa pale.

Keren akapiga, akaweka sauti juu.

"Alingoja bibi mpaka akachoka," Marie-Jeanne akasema. "Jana asubuhi akasema anarudia kumutafuta ku mashamba yabo. Tulimukataza, juu masasi haijaisha kule. Telefone hana. Hajarudi."

Rébecca hakulia. "Jana asubuhi," akasema, "mimi nilikuwa ninapanda mulima ya Musienene."

Zorobabel akafuta tableau yote. Akaanza upya, kila mutu na numéro yake. Fiche ya kwanza ilikuwa ya maçon. Jina, kazi. Alipofika ku "analala wapi" akaacha wazi, ORM ikakataa. Ni yeye mwenyewe alikuwa ameweka ile sheria, kusema kila mutu lazima akuwe na fasi ya kulala. Akarudi mu programme, akaondoa ile sheria.

"Umeandika nini, Papa Zoro?" Rébecca akauliza nyuma yake.

"Hapana kitu, mama. Nimeacha wazi."

Numéro moja ikaingia. Rébecca akavuta kiti, akakaa karibu na telefone ya Keren. Zorobabel akachukua fiche ya pili.