Nyumba Iliyonyamazishwa

Kinyozi mmoja watu walimwita Redio, na jina likamkaa. Alikuwa na kiti kimoja tu cha kunyolea, lakini benchi lake la kungojea halikukosa watu, na nusu yao hata nywele za kukata hawakuwa nazo. Walifuata soga. Mkono wake ukiwa kichwani mwa mteja, mdomo ulikuwa safarini: nani kaoa, nani kaachwa kwenye mataa, na yule bwana aliyekwenda kuposa akala mpaka akasahau kilichompeleka. Mkewe alishona mapazia katika chumba cha nyuma, na vicheko vilipopenya ukutani, naye alicheka peke yake juu ya cherehani. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Siku alipoolewa, mama yake alishusha pumzi na kusema, angalau sasa kuna mtu wa kuongea kwa niaba ya wote wawili.

Maradhi yaliingilia kwenye maneno.

"Hebu nipe ile... ile ya kuchania," Redio alisema siku moja, kidole kikielea hewani.

"Chanuo?"

"Ee, hilo hilo. Uzee huu, mke wangu."

Wakacheka. Siku nyingine likapotea neno kijiko, kisha jina la jirani, kisha hata jina la utani alilompachika mwenyewe huyo jirani. Halafu asubuhi moja, hadithi ikiwa imenoga, mkono wa kulia ukaanza kumtetemeka, mashine ikamdondoka, naye akaanguka kati ya kiti na ukuta, degedege likimtikisa mwili mzima. Mteja aliyekuwa kitini ndiye aliyembeba hadi kwenye teksi. Alishinda hospitalini na mke wa Redio, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine una nywele, wala hakuona haya.

Picha zilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Wakampasua, wakatoa walichoweza. Kilichobaki kilikuwa kimejipenyeza mahali penye usemi, na kukifuata huko kungemwacha bubu. Daktari wake, mwanamama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimketisha mke ofisini akamweleza bila haraka.

"Mama, ndani ya ubongo kuna seli za neva. Hizi ndizo zinazopelekeana habari. Pembeni yake ziko seli nyingine, zinaitwa glia. Zamani tulidhani kazi yake ni kushikilia tu, kama gundi. Kumbe zinasikiliza. Neva ikituma ujumbe, glia inaupata, na inajibu. Inailisha neva, inafagia kemikali zilizomwagika, na inaweza hata kuifanya neva iongee kwa nguvu zaidi au ipunguze sauti. Muda wote zinazungumza hivyo."

"Na mume wangu?"

"Ugonjwa wake uko kwenye hizo glia. Zimeharibika, lakini kusikiliza hazijaacha. Neva zikiongea karibu yake, zinapata nguvu ya kuota."

Daktari aliendelea na habari za mionzi na vidonge, lakini yule mama alikuwa ameshika neno moja tu. Neva zikiongea, uvimbe unaota. Hakuuliza swali. Alitoka pale amekata shauri.

Redio aliporudi nyumbani, alikuta mapazia mazito yameshushwa madirishani. Kinyozini kumefungwa. Marafiki wa benchi walipokuja kumjulia hali, mkewe aliwapokea mlangoni na kuwarudisha kwa adabu: amelala, njooni siku nyingine. Hata wifi yake, dada mkubwa wa Redio, mwanamke ambaye sauti yake hutangulia kufika kabla ya miguu, aliwekwa chini jikoni akapewa masharti.

"Wifi, naomba usimwongeleshe. Usimchekeshe."

"Nisimchekeshe ndugu yangu? Nimekuja kumjulia hali au kulinda maiti?"

"Daktari kasema maneno ndiyo yanayoukuza ule ugonjwa."

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, wifi aliingia chumbani kwa kunyata.

Mwanzoni Redio alijaribu. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yalikuja yamekatikakatika, lakini hamu ilikuwa ile ile. Siku moja, mkewe akimlisha uji, macho yakamng'aa.

"Mke wangu, sijakuambia... yule bwana harusi... aliyekuja kunyoa, halafu mlangoni..."

"Shhh," mkewe akamwekea kidole midomoni. "Pumzika, baba. Utaniambia ukipona."

Redio alimtazama, kisha akarudisha kichwa kwenye mto. Baada ya hapo alipunguza, na mwishowe akaacha kabisa. Mkewe aliona dawa imefanya kazi. Alikaa kando ya kitanda akishona kwa mkono, maana hata mlio wa cherehani aliuogopa, na moyoni akamshukuru Mungu kwa kila saa iliyopita kimya.

Siku ya kurudi kliniki, daktari alivuta kiti karibu na mgonjwa ili apime usemi wake.

"Mzee, nieleze kidogo kuhusu kazi yako."

Redio alimgeukia mkewe, akamtazama kama mtu anayeomba ruhusa.

"Kuna nini?" daktari akauliza.

"Haongei siku hizi," mke akasema, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Nimemzuia, kama ulivyosema. Nyumba nzima tumenyamaza, ili zile seli zikose cha kusikia."

Daktari alivua miwani, akaishika mkononi bila kuifuta.

"Mama," alisema, "neva haziongei kwa maneno yetu. Ni umeme na kemikali tu. Hata akinyamaza zinaongea. Hata akilala. Akipumua, akigeuza shingo, akikuwaza wewe, zinaongea. Hakuna anayeweza kuzinyamazisha kwa kufunga mdomo." Akakohoa kidogo. "Kosa ni langu. Nilikueleza nusu, nikakuacha uende nayo."

Yule mama hakulia mle ofisini. Alimshika mumewe mkono, wakatoka hadi kwenye benchi la nje penye foleni ya dawa. Hapo ndipo Redio alipozungumza, taratibu, akilivuta kila neno kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Nilidhani... unanionea aibu. Kwa ninavyo... ongea sasa."

Mkewe akakaa kando yake. "Aibu? Mimi? Nilitaka uishi, baba. Nilitaka uishi tu."

Alilia mbele ya foleni nzima, naye Redio akimpapasa mgongo kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado na nguvu.

Wakarudi nyumbani, mke akafungua mapazia, akawaita watu wa benchi. Walijaa chumbani mpaka wengine wakakaa sakafuni. Wifi aliongea tangu anaingia getini. Lakini ugonjwa nao haukuwa umengoja. Mke alipomwomba mumewe ammalizie ile habari ya bwana harusi, Redio alitafuta, akatafuta, akatikisa kichwa. Mke akawauliza wateja, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Maneno ya Redio yalipokwisha kabisa, ikabidi mkewe ndiye aongee. Hakuwa na kipaji hicho. Alianza hadithi kwa mwisho wake, akasahau katikati, akacheka kabla ya mahali pa kuchekea. Redio alimsikiliza, na mara nyingine mabega yalimtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Alifariki mchana, wifi akiwa katikati ya kumsimulia ugomvi wa sokoni, na ilichukua muda kabla hawajatambua.

Baada ya mazishi, wanawake hao wawili walikuwa wakiosha vyombo.

"Nilimnyima watu wake, wifi," mjane akasema. "Zile siku alizokuwa bado anaweza."

Dada wa marehemu aliendelea kusugua sufuria. Hakusema si kosa lako, na hakusema ni kosa lako.

"Na mimi nilitii," alisema. "Mimi, na mdomo wangu huu."

Akamkabidhi sufuria aikaushe, akachukua nyingine.