Uziwi wa Fundi Olindo

Mume wangu Olindo anasikia kuliko paka. Nayasema leo kwa sababu nimeyabana moyoni miaka arobaini na moja, na nimechoka.

Hapa Roccavezza mafundi wa shaba huwa viziwi. Ukifua masufuria toka asubuhi hadi jioni ndani ya vijumba vya mawe vilivyobanana kilimani, ukifika miaka hamsini masikio yamekwisha. Kwingine hayo yangeitwa maradhi. Hapa ni cheo. Fundi anayesikia inasemwa alikuwa mvivu, na wazee wanaobishana mlangoni mwa karakana bila kuelewana hata neno moja wanaheshimiwa kumshinda padri.

Olindo hakuwa mvivu, alikuwa mwoga. Mama yake alimfundisha mapema kuziba masikio kwa nta ya mshumaa na kuishusha kofia, naye akaendelea hivyo maisha yake yote. Wenzake walipoanza kusema "Eeh?", naye akaanza kusema "Eeh?". Mbele za watu nikimwita, ananikodolea macho midomoni. Nyumbani nikinong'ona tu kwamba tambi zimeiva, nageuka namkuta kashakaa mezani.

"Huoni haya?" nilimwuliza siku moja.

"Haya ya nini, Argia? Nyie ndio mnaopiga kelele. Mimi nimetulia zangu."

Alikuwa na tamaa moja tu, kubeba mtungi. Kila Juni, sikukuu ya Mtakatifu Eligio, fundi mzee mmoja hubeba mtungi mpya wa shaba uliojaa divai nyeupe, toka lango la chini mpaka kanisani juu, na jina lake huchongwa ukutani. Baba yake yumo ukutani, na babu yake yumo. Kumchagua mbebaji ni rahisi: wazee wanasimama wakitazama ukuta, sinia linaangushwa nyuma yao, na asiyeshtuka ambaye bado hajawahi kubeba ndiye. Mwaka huu sinia lilipoanguka, hata njiwa wa mnarani waliruka. Olindo hakupepesa jicho. Hawakujua kwamba nimemwangushia masinia jikoni wiki tatu nzima. Ndiyo, nami nimo katika dhambi hii.

Mtungi hufuliwa na aliyebeba mwaka uliotangulia, na huyo alikuwa Fulgenzio, rafiki yake tangu utoto, kiziwi wa kweli, mtu mwema asiye na hila. Siku tatu kabla ya sikukuu wazee walikusanyika kuukagua. Mtungi hukaguliwa kwa kuugonga na kusikiliza mlio wake. Viziwi saba waliugonga, kila mmoja akafumba macho, akainamisha kichwa, akatangaza kuwa sauti ni safi. Wa nane alikuwa mume wangu.

Alirudi nyumbani kapauka.

"Mtungi una ufa," akasema. "Kwenye mshono wa kitako. Unalia kama debe bovu."

"Si uwaambie."

"Wakiniuliza nimejuaje?"

"Sema umeuona."

"Hauonekani. Fulgenzio kashapaka bati ndani na kung'arisha nje. Ule ni wa kusikia tu."

"Basi chagua, mume wangu. Uwe na masikio au uwe na mtungi."

Akanikodolea macho midomoni. "Eeh?"

Siku ikafika. Akavaa kanzu ya kitani ya chama cha mafundi, akaupakata mtungi tumboni kama desturi ilivyo, akaanza kupanda. Mji mzima ulijipanga kando ya njia. Kufika kona ya tatu, divai ikaanza kuchuruzika. Kanzu ikalowa kuanzia kiunoni, ikashuka mapajani, mpaka viatu vikalowa chapachapa.

"Maskini, kajikojolea," akasema mke wa mwoka mikate.

"Nyamaza we, si mwenyewe huyo anapita?"

"Anapita ndiyo. Atasikia kwa kipi?"

"Miaka yote hiyo ya divai ya bure," mwingine akasema, "leo anairudisha."

Wakaangua kicheko, na mimi nilicheka, sitaficha. Kisha nikayaona masikio yake, mekundu kabisa, na usoni lile tabasamu pana la mtu asiyesikia kitu, nikakoma. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma.

Fulgenzio alikuwa nyuma yake. Kicheko hakukisikia, ila kanzu aliiona. Akaharakisha, akavua joho lake, akamfunga rafiki yake kiunoni kwa upole. Kisha akamsemesha kama viziwi wetu wanavyosema wakitaka kunong'ona, yaani kwa sauti ya kufika bondeni:

"Usijali, Olindo ndugu yangu. Kukojoa hovyo ni uzee tu. Hata mimi hunitokea."

Mtaa wote ukamgeukia Olindo. Angeweza kusema ni mtungi unaovuja. Akakinga mkono nyuma ya sikio.

"Eeh?"

Fulgenzio akavuta pumzi, akarudia kwa sauti zaidi.